Kuuza Korosho na Kuuza Mkorosho: Maoni kuhusu Mtaji na Usambazaji wa Filamu Huru, kwa Mtazamo wa Masasi na Newala

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa filamu za Kiswahili umepiga hatua kubwa tangu filamu ya video ilipoanza kushamiri nchini Tanzania mwanzoni mwa karne hii. Yameandikwa mengi kuhusu nafasi ya mwanamke katika filamu hizo, kuhusu uchawi na imani, kuhusu uigaji wa filamu za Nigeria na India, na kuhusu lugha ya wahusika. Hata hivyo, swali moja limeguswa na wachache: filamu ikishakamilika, ni ya nani? Na je, mwaka mmoja baadaye bado ni ya mtu yuleyule? Mona Mwakalinga aliufungua mjadala huu katika tasnifu yake ya mwaka 2010 kuhusu uchumi-siasa wa filamu nchini Tanzania. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi biashara ya majumba ya sinema ilivyojengwa na wafanyabiashara wa hapa hapa kwetu. Kazi hizo hazijapata wafuasi wa kutosha katika idara zetu za Kiswahili, ambako bado tunaihakiki filamu kana kwamba ni riwaya iliyojiandika yenyewe na kujipeleka sokoni yenyewe.

Makala haya ni ya maoni. Yanadai kwamba tatizo kubwa la mtengenezaji filamu huru, yaani yule asiye na kituo cha televisheni, kampuni kubwa wala wizara nyuma yake, si uhaba wa mtaji peke yake kama inavyosemwa kila mara. Tatizo limo katika namna anavyouza, na namna hiyo imejificha ndani ya kitenzi kimoja cha Kiswahili. Ili kuifafanua hoja hii tutaitazama biashara ya filamu kutoka Newala, mji ulio ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na kutoka Masasi, mji wa njia panda ulio chini ya uwanda huo, upande wa magharibi. Tumeichagua sehemu hii kwa sababu mbili. Kwanza, iko mbali na Kariakoo, na anayelitazama soko kwa mbali huona mambo ambayo aliye ndani yake ameyazoea. Pili, wakazi wake wana uzoefu mrefu na mchungu wa kuuza zao moja, korosho, kwa mifumo mbalimbali. Yumkini uzoefu huo una la kuwafunza watu wa filamu.

2.0 Tangu Mwanzo, Usambazaji Ulitangulia

Ni desturi kuizungumzia filamu kwa kuanza na kamera. Historia ya Afrika ya Mashariki inatuonyesha kwamba wale waliofanikiwa kuwafikia watazamaji walianza na njia ya kuwafikia. Mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika, ulioendeshwa kati ya mwaka 1935 na 1937 kutoka Vugiri katika milima ya Usambara kwa fedha zilizotoka zaidi kwa Shirika la Carnegie la Marekani, haukutengeneza filamu tu, bali uliziwekea pia lori lenye mtambo wa kuonyeshea, likazipeleka katika makoloni kadhaa. Tunaweza kuulaumu mradi huo kwa mtazamo wake wa kikoloni, na ni haki kuulaumu. Hata hivyo, waendeshaji wake walifahamu kwamba filamu isiyo na gari ni filamu isiyo na mtazamaji.

Wafanyabiashara wa majumba ya sinema walilifahamu jambo hilo kabla yao. Huko Zanzibar jumba la Royal lilikuwa limekwishafunguliwa mwaka 1921, na wamiliki wa majumba ya aina hiyo walijenga mtandao wa kukodi na kukodishana reli za filamu katika miji ya pwani na bara. Neno la msingi katika biashara yao lilikuwa kukodi. Reli ilikwenda, ikaonyeshwa, ikarudi. Aliyeionyesha hakudai kuwa ameinunua, na mwenye nayo hakuacha kuwa mwenye nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Johannesburg ilipiga Tanganyika filamu kadhaa za Kiswahili, miongoni mwazo Muhogo Mchungu, ambamo Rashidi Mfaume Kawawa, kijana wa Kusini aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, aliigiza kama mhusika mkuu. Baada ya Uhuru, serikali iliunda kitengo chake cha filamu, na mwaka 1968 ikaanzisha Shirika la Filamu Tanzania, ambalo baadaye lilikabidhiwa uingizaji na usambazaji wa filamu nchini. Shirika lilitengeneza filamu chache. Mwaka 1985 ilitoka Arusi ya Mariamu, kazi ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Filamu za namna hii zilitegemea wafadhili na ushirikiano na watu wa nje, na njia yake ya kawaida ilikuwa ya matamasha. Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill ambayo Amandina Lihamba ni mmoja wa waigizaji wake wakuu, ilipelekwa mwaka 2001 kuiwakilisha Tanzania katika kinyang'anyiro cha Tuzo za Oscar, ikiwa filamu ya kwanza ya nchi hii kupelekwa huko. Ni heshima isiyo na kifani. Hata hivyo, hapakuwa na utaratibu wa kawaida wa kibiashara ambao ungeifikisha filamu ya namna hiyo kwa mtazamaji wa Masasi, akalipa kiingilio, na kiingilio kile kikamrudia aliyeitengeneza.

3.0 Kariakoo na Nakala Asilia

Mwaka 2003 una maana maalumu katika mada yetu. Mwaka huo ilitoka Girlfriend, filamu ya George Tyson ambayo wahakiki wengi huihesabu kuwa mwanzo wa wimbi la filamu za video za Dar es Salaam. Mwaka huohuo lilifunguliwa daraja la Mto Rufiji lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Kabla ya daraja hilo, safari ya barabara kati ya Dar es Salaam na mikoa ya Kusini ilitegemea kivuko, na masika yalipokolea njia ilikuwa ikifungika. Baada yake, boksi la kanda au la diski liliweza kupakiwa ndani ya basi Dar es Salaam na kufika Masasi bila kusubiri kivuko.

Waliopakia maboksi hayo walikuwa wasambazaji wa Kariakoo. Mfumo wao haukuwa mgeni duniani. Huko Nigeria, filamu ya Living in Bondage ya mwaka 1992 iligharimiwa na Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa kanda za video, na tangu hapo masoko ya Idumota, Alaba na Onitsha yakawa ndiyo benki na ndiyo barabara ya filamu za nchi hiyo. Nairobi nako mtaa wa River Road ukaipa jina biashara ya namna hiyo. Kwa hiyo Kariakoo ilifanya yaliyofanywa kwingine: mwenye duka alikuwa mkopeshaji, mchapishaji, mtangazaji na msafirishaji.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mtengenezaji alitafuta fedha kwa njia azijuazo, akapiga filamu kwa siku chache, akaihariri, akabeba nakala asilia mpaka dukani. Msambazaji aliitazama, au aliangalia tu nani wameigiza, akataja bei. Wakikubaliana, fedha zilitolewa na nakala asilia ikabaki dukani. Pengine fedha zilitangulia: msambazaji alimpa mtengenezaji malipo ya awali kabla filamu haijapigwa, na kwa hiyo filamu ilikuwa yake kabla haijakuwapo.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Tuseme filamu imegharimu shilingi 6,000,000, na msambazaji amelipa 8,000,000. Ameigawa katika sehemu mbili, akachapa diski 15,000 za kila sehemu, akaziuza zote kwa bei ya jumla ya shilingi 1,000. Amepata 30,000,000. Tuseme uchapaji, kava, kodi na usafiri vimechukua shilingi 400 kwa kila diski, yaani 12,000,000. Ukitoa na zile 8,000,000 alizolipa, amebakiwa na 10,000,000, naye mtengenezaji amebakiwa na 2,000,000. Mgawo huo peke yake si dhuluma. Msambazaji ndiye aliyebeba hatari ya diski kubaki dukani, naye amelipa pango, wachukuzi na mikopo mibaya ya maduka ya mikoani. Dhuluma inaanza pale mtengenezaji asipojua kama diski zilizochapwa zilikuwa 15,000 au 50,000, kwa kuwa hana njia ya kuzihesabu. Inakomaa pale filamu ileile inapochapwa tena mwaka wa pili, inapoonyeshwa kwenye televisheni mwaka wa tatu, na inapowekwa mtandaoni mwaka wa kumi, bila senti moja kumrudia. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilikuwa mikononi mwa upande mmoja.

Mfumo huu ulikuwa na athari katika sanaa yenyewe, na hapa ndipo mhakiki anapohusika. Kwa nini filamu nyingi za kipindi kile zina sehemu ya kwanza na ya pili, hata pale ambapo kisa chake kingetosha dakika 80? Kwa sababu diski mbili zinauzwa mara mbili. Kwa nini mhusika anaonyeshwa akiendesha gari kutoka nyumbani mpaka ofisini bila neno wala tukio? Kwa sababu sehemu ya pili lazima ijae. Kwa nini filamu zinazosemwa kwa Kiswahili zina majina ya Kiingereza na tafsiri ya Kiingereza chini ya picha? Kwa sababu muuzaji alitazamia soko la ng'ambo na hadhi ya kava. Mhakiki anayeuita urefu huo udhaifu wa msuko bila kuujua mkataba, ameieleza dalili akauacha ugonjwa.

4.0 Kitenzi "Kuuza"

Sasa tuje kwenye lugha. Watengenezaji wetu wanasema, "Nimeuza filamu." Kauli hii inabeba maana mbili ambazo sheria inazitenganisha kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inatofautisha kati ya kuhamisha haki, yaani kumpa mwingine haki zenyewe, na kutoa leseni, yaani kumruhusu mwingine azitumie kwa masharti. Aidha, inazitambua haki za kiuchumi kuwa ni nyingi na zenye kugawanyika: haki ya kutoa nakala, haki ya kusambaza, haki ya kuonyesha hadharani, haki ya kutangaza, na nyinginezo. Kila moja yaweza kutolewa peke yake. Mazungumzo ya Kariakoo yalizifunga zote katika furushi moja, yakaliita "filamu", na yakatumia kitenzi kimoja, "kuuza".

Mtu wa Newala hana haja ya kufundishwa tofauti hii na mwanasheria, kwa kuwa anaitumia shambani kila mwaka. Kuuza korosho ni jambo moja. Kuuza mkorosho ni jambo jingine. Kuuza shamba ni jambo la tatu. Mwenye shida anaweza kumkodisha mwenzake mikorosho kadhaa kwa msimu mmoja au miwili, akapokea fedha, na mikorosho ikarudi kwake muda ukiisha. Anayeuza mkorosho kwa bei ya korosho za msimu mmoja, jamaa zake watamketisha kikao. Na mkorosho huzaa kwa miongo mingi. Filamu nayo, kwa mujibu wa sheria hiyo, inalindwa kwa miaka 50. Mtengenezaji aliyeiacha nakala asilia dukani pamoja na haki zake zote aliuza mavuno ya miaka 50 kwa bei ya msimu mmoja, huku akidhani ameuza korosho.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini watu wajanja, wengi wao wakazi wa mjini, hawakuiona tofauti inayoonekana na mkulima. Sehemu ya jibu ni kwamba korosho na mkorosho vina majina mawili na vinaonekana kwa macho, hali filamu na haki za filamu hazikupewa majina mawili katika lugha ya kazi. Sheria ya mwaka 1999 iliandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 tu ambapo sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, wasanii waliokuwa wakifanya kazi yao kwa Kiswahili walilindwa kwa lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma kwa kina. Katika hili idara za Kiswahili haziwezi kunawa mikono. Istilahi za isimu tumezisanifu kwa mamia. Istilahi za mkataba wa filamu tumewaachia madalali.

5.0 Somo la Korosho

Hatusemi kwamba wakulima wa korosho wamekwisha kuponywa. Historia yao inatufundisha kwa mafanikio yake na kwa makosa yake vilevile.

Mwaka 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika korosho mkoani Mtwara. Mkulima anapeleka korosho katika chama cha msingi, zinapimwa kwa mizani mbele yake, anaandikiwa stakabadhi, korosho zinakusanywa ghalani, na wanunuzi wanashindana mnadani kupitia vyama vikuu: MAMCU kwa upande wa Masasi na Mtwara, TANECU kwa upande wa Tandahimba na Newala. Ukiondoa siasa zake zote, kiini cha mfumo huu ni mambo matatu. Kuna mizani ambayo pande zote mbili zinaiona. Kuna karatasi inayobaki mkononi mwa mkulima. Na bei inatajwa hadharani, na wanunuzi zaidi ya mmoja.

Kinyume cha mfumo huu kinaitwa kangomba. Watu wa Kusini wanalitumia neno hili kwa ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, kwa vipimo visivyo rasmi na kwa bei ya chini, mara nyingi kabla ya msimu kufika, wakati mkulima anadaiwa ada ya shule au ana mgonjwa ndani ya nyumba. Mnunuzi wa kangomba hamkabi mkulima koo. Anamfuata nyumbani na fedha taslimu siku ambayo hakuna mwingine aliye nazo. Ndiyo maana kangomba haifi, licha ya kupigwa marufuku na licha ya msako uliofanywa katika msimu wa 2018/2019.

Tukizilinganisha biashara hizi mbili tunaona wazi kwamba soko la filamu la Kariakoo lilikuwa kangomba tupu. Malipo ya awali yalitolewa kabla ya mavuno. Kipimo, yaani idadi ya nakala, kilikuwa cha mnunuzi. Bei ilinong'onwa dukani, kwa mnunuzi mmoja. Na muuzaji hakubaki na karatasi yoyote yenye thamani ya kesho. Tofauti ni moja tu, nayo inaelemea upande wa filamu: mnunuzi wa kangomba huchukua korosho na kuuacha mti.

Serikali ilikaribia kuleta mizani mwaka 2013, ilipoanzisha stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu. Stempu, kwa asili yake, ni hesabu, kwa kuwa kila diski halali hubeba alama iliyotolewa na mamlaka. Kama idadi ya stempu zilizotolewa kwa kila filamu ingekuwa inamfikia mtengenezaji kama haki yake, angekuwa na daftari lake. Lakini stempu ilibuniwa kwa ajili ya kodi, na mapambano yaliyoizunguka yalikuwa ya kuwasaka wezi wa kazi za sanaa mitaani. Aprili 2017 waigizaji waliandamana Kariakoo kupinga diski haramu za filamu za kigeni. Kwa wakati huo soko la diski lilikuwa tayari linadidimia kwa nguvu za simu na televisheni, na stempu ikakosa pa kubandikwa.

6.0 Pingamizi Mbili

Kuna wanaosema kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa Kariakoo ya diski imekwisha. Leo wapo wanunuzi wengine: Maisha Magic Bongo tangu mwaka 2015, chaneli ya Sinema Zetu ya Azam, na majukwaa ya kimataifa. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, ilifika Netflix. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Tunazipongeza kazi hizi. Lakini duka kugeuka chaneli hakuugeuzi mkataba. Mtengenezaji akimpa mrushaji filamu kwa malipo ya mara moja bila kuandika ni haki zipi, kwa muda gani na kwa eneo gani, amerudi kulekule dukani; kilichobadilika ni kiti anachokalia. YouTube, kwa upande wake, imeleta jambo ambalo Kariakoo haikuwahi kulileta: kihesabio ambacho mtengenezaji na mtazamaji wote wanakiona. Ni mizani ya kwanza ya hadharani katika historia ya filamu yetu. Kasoro yake ni kwamba bei inapangwa mbali, na mtazamaji wa Newala hulipia kifurushi cha simu kabla hajaiona picha, na fedha hizo hazimfikii mtengenezaji.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Inasema kwamba ushirika ni mzuri kwenye karatasi, lakini wakulima wenyewe wameumizwa nao. Ni kweli. Makato yamekuwa mengi na malipo yamechelewa. Aprili 2013 ghadhabu juu ya malipo ya pili ya korosho ililipuka Liwale hata nyumba zikachomwa moto. Novemba 2018 serikali iliamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kuzikusanya, na wako wakulima waliosubiri fedha zao kwa miezi mingi. Hatuna budi kuikubali pingamizi hii, kisha tuisome vizuri. Haisemi kwamba mizani ni mibaya. Inasema kwamba mizani isiyoambatana na malipo ya haraka humrudisha muuzaji kwa kangomba. Mtengenezaji filamu aliyekopa kwa jamaa ili alishe waigizaji hawezi kungoja mgawo wa mwaka ujao. Mpango wowote usiomwekea fedha ya awali mkononi utakufa, hata ukiwa wa haki kiasi gani.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, watengenezaji huru wa Kusini waunde chama cha msingi cha filamu kwa mfano wa vyama vya mazao. Nakala asilia ihifadhiwe na chama. Mtengenezaji apewe stakabadhi. Chama kitoe leseni kwa wanunuzi, kila haki peke yake: televisheni kwa miaka kadhaa, maonyesho ya hadharani kwa msimu, mtandao kwa kipindi maalumu. Stakabadhi hiyo iwe dhamana ya mkopo mdogo wa awali. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao katika miaka hii ya 2020 umekuwa ukitoa mikopo kwa wasanii kupitia mabenki, ungeweza kuipokea stakabadhi ya namna hii mahali pa hati ya nyumba, ambayo vijana wengi wa Newala hawana.

Pili, vibanda vya video, ambavyo watu huviita vibanda umiza, vitambuliwe kuwa ndiyo majumba yetu ya sinema. Tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, maonyesho ya hadharani yanahitaji kibali. Na kwa sheria ya mwaka 1999, kuonyesha hadharani ni haki ya mwenye kazi. Hivyo msingi wa kisheria wa kibanda kumlipa mtengenezaji upo. Hatupendekezi msako. Tunapendekeza makubaliano: mwenye kibanda apewe filamu mpya mapema na kihalali, alipe sehemu ndogo ya kiingilio, na hesabu ya vichwa iandikwe kila onyesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kalenda ya filamu ifuate kalenda ya fedha za watu. Katika uwanda wa Makonde fedha huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka, korosho zinapouzwa. Filamu inayotoka Machi kwa sababu Dar es Salaam imeamua hivyo, inawakuta watu wa Masasi wanapalilia na mifuko imekauka.

Nne, idara za Kiswahili zichukue jukumu lao. Zitayarishe mkataba wa mfano kwa Kiswahili chepesi, wenye kutofautisha kuhamisha na kukodisha; zisanifu istilahi zake pamoja na wasanii; na zifundishe mkataba huo katika kozi za filamu na fasihi sambamba na msuko na uhusika. Sisi tunapendekeza kwamba "kuuza filamu" itumike pale tu haki zote zinapohamishwa, na kwamba matumizi ya muda yaitwe "kukodisha filamu", kama wenye reli za zamani walivyosema na kama wenye mikorosho wanavyosema hadi leo.

8.0 Hitimisho

Huenda msomaji akaona kwamba tumeiacha sanaa tukaingia sokoni. La hasha. Kilicho hatarini hapa ni visa vyenyewe. Masasi ilishuhudia misheni yake ikichomwa wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Newala, inayoutazama Mto Ruvuma kutoka juu, iliwaona wakimbizi wa Msumbiji wakivuka wakati wa vita vya ukombozi. Uwanda huu una mapiko, una unyago, una utani wa Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mambo hayo hayana nyota wa kuwekwa kwenye kava, na mnunuzi mmoja aliye mbali hana sababu ya kuyalipia mapema. Yatapigwa picha pale tu mtu wa hapo atakapoweza kuishi kwa filamu ya kwanza mpaka aitengeneze ya pili, na ataweza tu endapo ile ya kwanza itabaki kuwa yake.

Mkulima wa Newala akimaliza kuuza korosho zake hurudi nyumbani akiwa na fedha kidogo au nyingi, kwa kadiri ya mnada ulivyokwenda, na pengine akiwa na manung'uniko. Lakini mikorosho yake anaikuta imesimama palepale. Mtengenezaji filamu wetu astahili walau kiasi hicho.